Mfereji uliofungwa kamba

Simu iliita saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mvua ya masika inapiga bati mpaka husikii. Ami, msimamizi wa maji wa kijiji, hakutoa hata salamu. "Mwanangu, kisanduku chako kimekufa tena. Tangi limefurika usiku kucha, na umeme wa Tukuza tulionunua wote umekwisha."

Kisanduku si changu, nimekirithi, lakini alfajiri ile haikuwa wakati wa kubishana na mtu mzima aliyelowa.

Niwaeleze kwanza kilivyo. Kijiji kiko njia ya Konde, huku kaskazini ya Pemba. Pampu iko bondeni, inakula umeme wa nguzo. Tangi liko juu ya kilima, mbali na nguzo ya mwisho, kwa hiyo huko juu hakuna umeme isipokuwa wa jua. Pembeni ya tangi kumefungwa kisanduku cha plastiki, na ndani yake mna bodi ndogo ya kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux, modemu ya laini ya simu, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na nyaya za boya linaloelea ndani ya tangi. Juu yake kuna paneli ya wati 20. Kazi yake ni moja tu: maji yakifika juu, kimwandikie ami ujumbe kwamba limejaa, naye azime pampu. Kikilala wakati hakikutakiwa kulala, pampu inasukuma mpaka mtu aamke aone mto barabarani.

Aliyekitengeneza ni kaka mmoja wa hapa Wete, fundi hasa, mkono wake mwepesi kwenye risasi ya kulehemu. Alikwenda Oman kutafuta maisha. Aliniachia nywila, mfuko wa skrubu, na maneno "hakina tabu hicho". Karatasi hata moja hakuacha.

Nilipofika nilikunja buibui langu kiunoni nikapanda ngazi. Betri ilikuwa volti 10 na pointi. Nikaweka nyingine niliyokuja nayo, nikasubiri kisanduku kiwake, kisha kilale kama desturi yake, nikaingiza mita kwenye waya wa betri. Miliampea 70. Kimelala, kinakula 70! Chombo kama kile kikilala vizuri hakifai kupita 15. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kidole: 70 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 1.7 kwa siku, na betri ya risasi kama ile ukiipenda huishushi chini ya nusu. Siku mbili za mawingu mazito zinatosha kukifikisha pabaya. Wakati wa kaskazi jua linafunika aibu hiyo kila asubuhi. Masika yakaifunua.

Kwa hiyo kuna kitu ndani hakilali. Nilimjua mkosaji kwa kumgusa: modemu ilikuwa ya moto.

Hapa lazima niwasimulie namna kaneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosema na vyuma, inavyojua kwamba kuna modemu. Kompyuta ya mezani ina njia za kujitambulisha. Vifaa vingi ukivichomeka vinajitaja vyenyewe. Bodi ndogo hizi haziko hivyo. Waya umetoka kwenye pini fulani ya chipu umekwenda kwenye swichi ya umeme wa modemu, na hakuna njia yoyote kaneli itaotea hilo. Lazima iambiwe. Zamani iliambiwa kwa msimbo ulioandikwa ndani ya kaneli yenyewe, kila bodi na faili lake, na chipu za ARM, zile za kwenye simu na bodi ndogo, zilipozidi, mafaili yakazaana kama kunguru wa Mji Mkongwe. Machi 2011 Linus Torvalds, muasisi wa kaneli ya Linux, alikasirika hadharani kuhusu fujo hiyo. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya zamani: mti wa vifaa, uliotoka kwenye kiwango cha Open Firmware cha 1994, ambacho mashine za kampuni za Sun na Apple zilikuwa zikikitumia. Unaandika faili la maneno linaloeleza vyuma vilivyopo, linakusanywa kuwa faili la namba, na kaneli inalisoma inapoamka. Bodi ikibadilika, unabadilisha maelezo, kaneli inabaki ile ile.

Hilo jambo la kukusanywa ndilo lililoniumiza. Faili la maneno la kaka halikuwepo popote. Lililobaki ni lile la namba ndani ya bodi. Unaweza kulirudisha kuwa maneno, kuna programu inaitwa dtc inafanya kazi pande zote mbili, lakini kinachorudi ni kama samaki aliyekwisha liwa: mifupa yote ipo, nyama hakuna. Kila maoni ambayo mtu aliandika pembeni, kila "nimefanya hivi kwa sababu", yanatupwa siku ya kukusanya. Mashine haiyahitaji. Inahitaji lililoamriwa, sababu yake haiihusu.

Nikakaa barazani kwa ami na kompyuta mapajani, yeye ananiletea chai ya tangawizi na mkate wa boflo, nikapita mstari kwa mstari. Kwenye sehemu inayoeleza regyuleta ya modemu, kati ya mistari ya kawaida, nikaukuta: regulator-always-on.

Ami akauliza nimeona nini, nimenyamaza hivyo. Nikamwambia, regyuleta ni mfereji wa umeme. Kaneli ndiyo inayoufungua na kuufunga. Programu ikitaka modemu, inaomba mfereji ufunguliwe. Ikimaliza, inaomba ufungwe. Sasa mstari huu unaiambia kaneli kwamba mfereji huu hauruhusiwi kufungwa kamwe.

"Umefungwa kamba ukiwa wazi," akasema ami.

Ndiyo hivyo hasa. Na ubaya wake ni kwamba kaneli haigombi. Programu inapoomba modemu izimwe, inajibiwa kwamba sawa, na hakuna kinachofanyika. Daftari la kumbukumbu la kisanduku lilikuwa limejaa "modemu imezimwa" usiku baada ya usiku, na modemu iko macho inatazama minara.

Nikaukata mstari. Nikakusanya upya, nikakiwasha, kikalala, mita ikasoma 14. Nikateremka kilimani najiona mwanamke wa shoka.

Siku ya nne ami akapiga tena. Saa hii kisanduku kiko hai, taa yake inawaka, lakini ujumbe haukuja na tangi limefurika. Alikuwa mpole mno kwenye simu, na upole wa ami ni mbaya kuliko ukali wake.

Nikamtumia kaka wa Oman ujumbe wa sauti. Akajibu baada ya Isha, kelele za magari nyuma yake: "Yakhe, usiniambie umeitoa ile! Ile niliiweka makusudi. Kuna kapasita kubwa nimelehemu chini ya bodi, huioni mpaka uigeuze. Modemu ikituma ujumbe inavuta umeme kwa mkupuo, bodi ikawa inazima. Nikaweka kapasita ikatulia. Lakini ukiizima modemu ukaiwasha tena haishiki. Sijui kwa nini, sikuwa na wakati, kesho yake nilikuwa na tiketi. Nikaiacha iwake moja kwa moja."

Kwa hiyo mstari ule ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa imekaa kwenye kichwa cha mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Kwa nini haishiki? Hilo sasa lilikuwa langu. Chipu inayowasha umeme wa modemu haifungui kwa kishindo. Inapitisha kidogo kidogo isije ikashtua bodi. Kapasita aliyoweka, yaani kidumu cha akiba ya umeme, ni ya maikrofaradi 4,700. Kwenye volti 4 na kiasi cha miliampea 100 zinazopita, inataka karibu robo sekunde kasoro kidogo kujaa. Kaneli haijui kama kuna kapasita. Inafungua mfereji na papo hapo inaiambia programu: tayari. Programu inabonyeza kitufe cha modemu kwa waya, modemu bado haijapata umeme wa kutosha, haisikii, na programu inakaa kusubiri jibu lisilokuja.

Nilipomweleza ami alinicheka. "Mwanangu, wewe umekulia mjini. Ukifungua valvu ya chini, maji hayako juu saa ile ile. Unasubiri bomba likohoe kwanza, ndipo unatia ndoo."

Kuna mstari wa kusema hivyo. Unaitwa startup-delay-us, na umeelezwa kwenye nyaraka za kaneli, katika folda ya Documentation/devicetree/bindings, mahali ambapo kila aina ya kifaa ina faili lake linalosema maelezo gani yanakubaliwa na kila moja lina maana gani. Zamani mafaili yale yalikuwa maandishi huria, kila mtu na mtindo wake. Miaka ya karibuni yamekuwa yakigeuzwa kuwa ya mpangilio wa YAML, ambao mashine inaweza kuukagua: ukikosea jina la mstari au ukaweka namba pasipotakiwa, unaambiwa kabla hujapanda ngazi yoyote. Naipenda kazi ile. Imenitoa kwenye aibu mara nyingi.

Lakini nilipitisha ukaguzi ule kwenye faili la kaka nikaona limefaulu. Bila shaka lilifaulu! Kumwambia kaneli kwamba mfereji usifungwe ni sentensi sahihi kabisa kwa sarufi, ila haikuwa kweli. Kanuni kubwa ya mti wa vifaa ni kwamba unaeleza vyuma vilivyo, huelezi unavyotaka programu ifanye. Vyuma vyetu havikusema kwamba modemu haiwezi kuzimwa. Vilisema modemu inachelewa kupata umeme. Kaka alikuwa na haraka ya tiketi, akaandika uongo mdogo uliofanya kazi, na kaneli ikauamini kwa miaka.

Na mimi naye sikupona. Nilipima kwa osiloskopu ya kuazima, chombo cha kuonyesha umeme unavyopanda na kushuka, nikaona milisekunde 190 hivi, nikaamua niweke 300 kwa usalama, nikaandika 300. Haikushika. Nusu siku nimekaa nalaumu kapasita, laini ya simu, mnara, mpaka na jicho la watu. Herufi mbili za mwisho za jina la mstari ule ni kipimo chake: maikrosekunde. Nilikuwa nimeiambia kaneli isubiri chini ya nusu ya milisekunde moja. Nikaandika 300000, modemu ikashika mara ya kwanza, na mpaka leo inashika. Wale walioamua kwamba kila jina libebe kipimo chake mwishoni wanastahili dua, hata kama mimi sikusoma.

Kuna jingine la boya, nalitaja kwa ufupi kwa sababu dawa yake haikuwa ya kompyuta. Kisanduku kinapolala usingizi mzito, si kila kitu kina ruhusa ya kukiamsha. Kwenye mti wa vifaa unaweka alama ya wakeup-source kwa kile unachokiruhusu. Ni kama Ramadhani: mpiga ngoma wa daku ana ruhusa ya kukuamsha, mtoto wa jirani anayepiga debe hana. Boya letu lilikuwa na ruhusa hiyo. Lakini pampu inapojaza, maji yanarukaruka, boya linacheza, na usiku mmoja nilihesabu kisanduku kimeamshwa mara 41. Kuna mpangilio wa kaneli wa kupuuza mchezo wa swichi, ila huo unafanya kazi kompyuta ikiwa macho. Ukishagongewa umeshaamka, hata kama utagundua hakukuwa na mgeni. Nikachukua kipande cha bomba la plastiki, nikakitoboa chini, nikalitia boya ndani yake. Maji ndani ya bomba yametulia. Mara 41 zikawa mbili.

Sasa ndipo nilipoanza kuandika. Sikuwahi kuwa mtu wa kuandika. Nilikuwa skuli Unguja ule mwaka umeme ulipokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kinaunguruma kwa majenereta, na nilijifunza ubahili wa umeme kabla sijajua kompyuta ni nini. Huku Pemba waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika mwaka huo huo wa 2010. Kwa hiyo kuzima kitu kisichotumika naona ni adabu tu, sikudhani inahitaji maelezo. Lakini kuzima kinachotakiwa, na kuacha wazi kisichotakiwa, vyote viwili viligharimu kijiji maji na pesa, na vyote viwili vilifanywa na mafundi waliokuwa na sababu nzuri kichwani.

Mfano niliouiba ni wa nyaraka za kaneli wenyewe. Kuna folda ya ABI, inaeleza kila faili la mipangilio ambalo kaneli inamwonyesha mtumiaji. Yale ya usingizi wa kompyuta yamo kwenye kurasa za /sys/power, na ukisoma maingizo ya mwanzo utakuta kila moja lina jina la faili, tarehe, mtu wa kumuuliza, kisha maelezo. Tarehe ni Agosti 2006, na mtu wa kumuuliza ni Rafael Wysocki, ambaye mpaka leo ndiye mtunzaji wa mambo ya umeme kwenye kaneli. Hicho cha mtu wa kumuuliza ndicho kilichonigusa. Mwaka ule mtu aliandika mpangilio na pembeni akaweka jina lake, kama anayesema: ukinikuta na kosa, mlango huu hapa.

Basi faili letu la mti wa vifaa sasa lina maoni marefu kuliko amri. Juu ya mstari wa kuchelewa nimeandika kapasita ni ya ngapi, nimepima nini, tarehe gani, kwa nini 300000 na si 200000, na kwamba regulator-always-on ilikuwepo na kwa nini imetoka. Hili la mwisho naona ndilo kubwa. Mpangilio uliopo unaweza kuuona. Uliotolewa hauuoni, na fundi wa tatu atakuja na wazo lile lile akidhani ni lake.

Nimeandika kwa Kiswahili. Rafiki yangu mmoja wa Unguja, aliyesoma kuliko mimi, ameniambia nimefanya jambo la kitoto, fundi yeyote anayegusa mti wa vifaa anajua Kiingereza. Labda. Nyaraka za kaneli zimetafsiriwa kwa Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kispania, Kiswahili hakimo, na nilijaribu ukurasa mmoja wa usingizi nikaelewa kwa nini. Wao wana neno suspend karibu kwa kila namna ya kulaza mashine. Mimi nikajikuta na kusinzia, kulala, usingizi mzito, na kuzimia, na kila moja lilikuwa sahihi kuliko lao. Ile hali nyepesi ambayo kaneli inaita s2idle ni kusinzia, hakuna ubishi: macho yamefumba, masikio yako wazi. Ile ya deep ni usingizi mzito. Lakini kuandika kumbukumbu yote kwenye diski na kukata umeme kabisa? Nimeiita kuhama, nikaifuta, nikairudisha. Ukurasa ule bado haujesha.

Nakala ya karatasi niliitia kwenye mfuko wa plastiki nikaibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku. Ami akataka kuisoma kabla sijafunga skrubu. Alivaa miwani yake, akasoma polepole palepale chini ya tangi, midomo inacheza. Ya pini na maikrosekunde aliyaruka. Kwenye mfereji uliofungwa kamba alitabasamu, maana maneno ni yake.

Kisha akauliza: "Hapa umeandika kapasita ipo na ni kubwa. Mbona hukuandika iko upande gani? Si umesema haionekani?"

Kweli sikuandika. Mti wa vifaa hauna mstari wa kusema kuna kitu kimelehemiwa kwa mkono chini ya bodi, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuandika yale tu ambayo kaneli inayauliza. Nikamwomba peni. Hakuwa nayo, akateremka kilimani kuifuata nyumbani, nikabaki nimekaa kwenye ngazi na kifuniko mkononi, mawingu yanakusanyika upande wa Ngezi.

Akarudi nayo, na mwavuli. Nikaandika: "Kapasita iko CHINI ya bodi, kona ya karibu na modemu. Igeuze bodi uione. Ukiitoa, ibadilishe na namba ya kuchelewa." Nikaweka tarehe, na namba yangu ya simu. Ami akasema niweke na ya kwake.